Mkasi wa Nyuki

Septemba, chini ya mlima Peca,
baba yangu Ožbalt amepiga magoti mlangoni pa mzinga wa saba.
Nyuki wanatoka kwa miguu.
Mabawa yamekunjamana kama risiti iliyofuliwa mfukoni.
Mmoja anapanda unyasi, anafika ncha, anaanguka,
anapanda tena.

"Hawapigani?" anauliza.
"Wewe uliyesoma Ljubljana miaka tisa, niambie. Hawapigani?"

Jikoni naomba mkasi wa marehemu mama
na uzi wa sufu, mwekundu, uliobaki kwenye soksi.
Namtegea: barua haina mwandishi,
aisomaye huinakili, ainakiliye hufa.
"Bili ya umeme," anajibu.

Nalaza uzi mmoja mezani.
Hivi ndivyo seli inavyojiandikia mambo yake,
uzi mmoja mmoja, maagizo ya leo,
yakishatumika yanatupwa.
Nalaza wa pili juu yake, ubavu kwa ubavu.
Hivi, si kawaida yake.
Ni kirusi hicho, kinajinakili,
hakina njia ya kuzaa ila kulala na kivuli chake,
na hapo ndipo kinaposhikwa.
Za mwizi arobaini, baba. Za huyu ni moja:
pale anapojirudia.

"Nani anamshika?"

Hana jina la kishujaa. Tunamwita Mkataji.
Hana macho. Anapapasa,
na akigusa nyuzi zilizolala pacha
hasemi, haiti askari;
anapima herufi ishirini na mbili, anakata,
anapima, anakata.
Nakata. Vipande vyekundu vinaangukia mkate.

Kimoja anakiokota mlinzi mwingine,
anakibana kama mshonaji aendaye dukani na kipande cha kitambaa
kutafuta rangi ile ile.
Kila uzi upitao anaulinganisha:
si wewe, si wewe, si wewe,
wewe.
Barua inachanwa kwa maneno yake yenyewe.

Baba anatafuna, anatoa uzi mdomoni.
"Basi mbona wanatambaa?"

Hapo nanyamaza.
Kikulacho ki nguoni mwako:
kupe mwekundu, saizi ya kichwa cha pini,
anajibanza tumboni mwa nyuki,
anamtoboa mtoto aliyelala ndani ya nta
na kummiminia barua zisizo idadi.
Mkataji anakata. Anakata.
Lakini mkasi ni huo huo,
na uzi unaingia kwa marobota.
Bawa lililotakiwa kukunjuka asubuhi hiyo
halikunjuki.

Namwambia pia kuhusu maabara,
jinsi tulivyowalisha nyuki sukari yenye picha ya mwizi
ili Mkataji azoee sura kabla ya ugeni.
"Wakapona?"
"Baadhi."
"Baadhi," anarudia, kama mtu anayehesabu chenji.

Kisha, bila kunitazama: "Na sisi? Tunao mkasi?"

Tunao, baba, lakini tunategemea zaidi kengele.
Seli yetu ikivamiwa hupiga kelele,
majirani wakafunga milango, wakazima majiko.
Ile homa yako ya Januari,
uliyoilaani siku sita,
ilikuwa kelele hizo.
Seli ya nyuki haipigi yowe kama hilo.
Hushughulika na uzi.

Anaokota vipande, kimoja kimoja,
anavipanga kwenye kisahani cha kahawa.
"Na nani anaunoa?"
Sijui. Niliomba fedha za swali hilo hilo,
kurasa thelathini na moja.
Walikataa.

Anauchukua mkasi wa mama,
anaujaribu kwenye ukucha wa kidole gumba,
anatikisa kichwa,
anateremka ghalani kwenye jiwe la kunolea.
Nabaki na kisahani. Nje, mzinga wa saba,
kuna anayepanda unyasi.
Chini naanza kusikia chuma kikisugua jiwe,
kikipumzika, kikisugua.