Usiku wa Tano

Ramani ameituma Haikaeli, imekunjwa ndani ya soksi za sufu,
nami nimeitandaza mezani hapa Pasua,
pembe moja nimeikandamiza kwa chupa ya chai,
nyingine kwa miwani ambayo hainisaidii tena.

Napima kwa kamba ya kiatu.
Galway mpaka Magenge ya Moher:
kama hapa na Arusha, nasema,
ukitoa matuta ya Bomang'ombe na askari wa darajani Kikavu.
Kunda, mjukuu, kainua kichwa:
"Genge la huko, babu, wanauza nyanya?"
Nikamwambia hapana, ni ukuta wa mwamba
umesimama juu ya maji, nchi imekatwa kama mkate.
"Sasa genge gani halina nyanya?"
Sikuwa na jibu.

Miaka thelathini na mmoja nimeshika usukani,
Moshi–Tanga, Tanga–Moshi,
Hedaru naijua kwa vumbi lake kooni,
Mombo kwa joto linavyopanda magotini.
Halafu daktari wa macho akazima kitochi chake
akasema neno moja tu, presha,
nikadhani anasema ya damu.
Kumbe dunia imeanza kuliwa pembeni,
kama kitambaa kilicholala na panya.
Leseni iko kabatini, chini ya vyeti vya ubatizo.

Kwa hiyo dereva ni Ndeanasia.
Ana miaka sitini na miwili. Amejifunza mwaka jana,
nyuma ya uwanja wa Ushirika,
kwenye gari lenye herufi nyekundu mgongoni.
Siku ya kwanza injini ilimzimikia mara tisa,
ya kumi akanigeukia: "Cheka basi, umalize."
Sikucheka. Nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili.

Huko nako huendesha kushoto.
"Mwingereza alitupitia wote," anasema,
"angalau katuachia upande mmoja wa barabara."

Kila usiku nauwekea punje ya buni.
Moja Clifden. Moja Doolin, nje ya mji, kwa mama mwenye kondoo.
Mbili Dingle, maana kona za huko
hazitaki mtu mwenye haraka.
Haikaeli kaandika pembeni kwa kalamu ya kijani:
*Barabara hii nyembamba. Mkikutana na basi, nyinyi ndio mrudi nyuma.*
Ndeanasia kasoma mara mbili.
Kurudi nyuma ndiko kulikomwangusha mtihani wa kwanza.
"Tutakaa hapo hapo," kasema. "Basi litachoka."

Mvua ya kule, tumeambiwa, hunyesha kwa ubavu.
Amefunga koti la marehemu dada yake,
amefunga vitenge vitatu na kilo mbili za ulezi;
wakimuuliza uwanja wa ndege atasema ni dawa.

Leo asubuhi nimekuta punje ya tano imehama.
Iko katikati ya buluu,
mbali na ufuko kiasi cha kidole gumba.
Kunda anaapa si yeye.
Labda upepo wa mlimani. Labda yule kuku.
Nimeinama mpaka pua ikagusa karatasi,
nikatafuta chini yake kisiwa, kijiji,
hata jiwe lenye jina.
Maji tu.

Mkono ulishafika niirudishe
nikasikia mtu kasimama nyuma yangu, unga wa ulezi vidoleni.
"Iache."
Nikasema, mama, hapo hakulaliki.
"Miaka yote ile ya Tanga," kasema,
"uliniletea nazi. Uliniletea papa mkavu.
Bahari yenyewe, safari ijayo. Kila mara safari ijayo."
Akarudi jikoni. Hakuwa na hasira, ndiyo iliyonichoma.

Nimeitafuta kalamu ya kijani, sinayo.
Kwa penseli ya Kunda, herufi kubwa ili nami nizione,
nimeandika kando ya punje:
USIKU WA TANO, BAHARINI.
CHAKULA: ATAAMUA DEREVA.