Kiuno cha Mninga

Nilianza kwa kulitemea bomba mate.
Ndahani akaruka: "Mama Nyemo! Hilo ni gitaa!"
Si gitaa bado, mwanangu. Ni ekzosi ya Isuzu
iliyobanwa kwenye jiriwa, mkaa tumboni,
na mate yangu, yakidunda juu yake kama bisi,
yananiambia ambalo kipimajoto chako,
kilichokufa tangu Jumanne, hakiwezi kukwambia:
moto umezidi. Ngoja.

Miaka ishirini na tisa nimenyoosha nguo za watu
hapa hapa Chang'ombe, nyuma ya mashine ya kusaga:
mashati ya makarani, majoho ya kwaya,
suti za waheshimiwa waliohamia juzi, vumbi bado linawashangaza.
Pasi ya mkaa imenila kucha mbili
ikanilipa kwa sauti tatu za tone la maji.
Likinung'unika, subiri.
Likilia *tsss*, pitisha.
Likikimbia bila kulowesha kitu, toa mkono,
utaunguza Jumapili ya mtu.

Sasa nina hamsini na mitatu, mwanafunzi
wa kijana aliyezaliwa mwaka nilionunua pasi ya pili.
Wa bodaboda wananipigia kelele toka kijiweni:
"Samaki mkunje angali mbichi, mama!"
Samaki niwajuao mimi ni wa Mtera,
nao hufika hapa wamekauka kama kandambili.
Tunawamwagia maji ya moto. Wanakunjika.

Ubao wenyewe ni mninga wa Mpwapwa,
mlango wa ghala la karanga; umri wake wanaujua panya.
Ndahani ameupasua, ameupiga randa
mpaka ukabaki milimita mbili, ukipuliziwa unatikisika.
Na ndani, Mungu wangu,
nyuzi hazikukubaliana njia. Zinapanda, zinazama,
kunyanzi juu ya kunyanzi, kama mchanga wa korongo
siku ya pili baada ya maji kupita.
Uinamishe kidogo, kunyanzi zinahama.
Uinue, zimerudi nyumbani.

"Uzuri wake ndio ugonjwa wake," anasema.
Mti ulionyooka hupindika kwa adabu.
Huu, kila dokezo la urembo ni mahali pa kukatikia.
Mbavu tatu zimemvunjikia mwezi huu, zote kiunoni.
Babu yake alitengeneza mazeze, akafa bila kulaani mti:
kibuyu hujipinda chenyewe shambani,
hakidai moto, hakidai mwanafunzi.

Haya. Kitambaa kibichi. Ukanda wa bati
mgongoni mwa ubao, uushike usichanike.
Siusukumi. Naulaza juu ya bomba, nausogeza,
naurudisha, kama ninayepitisha kola ya shati
la mtu anayekwenda kuposa.
Mvuke unapanda na harufu ya karanga,
au pua yangu inakumbuka kwa niaba ya mlango.
Mkono husikia kabla ya jicho:
kitu fulani mle ndani, sina jina lake,
kinaacha kubishana.

"Sasa," nasema,
na mwalimu wangu hapumui.
Kiuno kinaingia.

Kisha *tk*.

Ufa. Mwembamba kama unywele, urefu wa kucha,
pale hasa kunyanzi zinapopendeza zaidi.
Nilingoja anifukuze. Yeye akalamba kidole,
akapapasa, akaleta gundi, akaipuliza izame.
"Wangu wa kwanza ulitoka vipande vinne," akasema,
"nikavipikia ugali."

Tumeulaza kwenye kalibu, vibanio kumi na viwili.
Asubuhi tutafungua, nao utajikunjua upana wa kidole;
mti hausahau unyoofu wake kwa usiku mmoja,
na mimi bado naamka saa kumi kuwasha pasi
isiyosubiriwa na mtu.

Mkaa umebaki nusu. Hautupwi.
"Vua shati," namwambia Ndahani,
"umekuwa ukitembea na mikunjo tangu Jumatatu."