Mizani

Jumamosi, Loleza hajavua ukungu,
watoto ishirini na watatu walipanda ngazi za maktaba ya chuo,
masweta ya bluu, viatu mkononi,
maana Bi Atuganile, mkutubi,
alikuwa ametoka kupiga deki.

Sisi wa mwaka wa tatu, ualimu,
tulisogeza vitabu vya mitaala,
tukatandika mkeka kati ya rafu
ambako huwa tunakuja kusinzia tu.

Nikaandika ubaoni:
shairi lina vina, shairi lina mizani.
Nikageuka. Mkono mmoja juu.
Sekela, ambaye mama yake anauza viazi Uyole:
"Mwalimu, ya kwetu ina mawe mawili,
na moja lina ufa.
Ya shairi je?"

Wenzangu wakacheka.
Jibu nilikuwa nalo, nimelifanyia mtihani,
ila liliniganda mdomoni
kama mafuta ya kula mwezi wa saba.

"Basi tupime," nikasema. "Taja kitu."
Akafumba macho.
Vi-a-zi-vya-ma-ma-ya-ngu.
Vidole vinane vikasimama,
viwili vikabaki vimelala.
Akavitazama, akavisimamisha navyo:
"Hivi ni vya nyongeza,
mteja asije akanung'unika."

Chumba kizima kikaanza kupima:
mvua, ng'ombe, jina la mwalimu mkuu.
Nikageukia mezani, nikingoja kukemewa.
Chini ya kibao cha KIMYA
Bi Atuganile alikuwa ameinua mkono wake,
A-tu-ga-ni-le,
tano,
akarudia taratibu
kama mtu anayeishuku mizani.