Maneno Arubaini

Meneja wa hoteli ya Makangale kaniletea karatasi:
maneno arubaini ya Kiingereza, niyatie Kifaransa,
yabandikwe nyuma ya milango kabla ya wageni wa Julai.
Ujira elfu mbili kwa neno. Nikakubali.
Neno si gunia la karafuu, nilidhani,
halina makonyo wala vumbi.

Hapa Limbani, Wete, umeme ukikatika
naandika kwa tochi ya simu,
daftari juu ya cherehani ya mama.

Ya mwanzo mepesi: taulo, ufunguo, chandarua,
tafadhali usimwage mchanga kwenye sinki.
Kisha yakaanza yale yenye miguu.
Mvua ya Mwingereza hunyesha paka na mbwa;
ya Mfaransa hunyesha kamba.
Nikachungulia dirishani: mvua ya Pemba
haina mnyama wala haisuki kamba,
huja kama mdai,
ikakaa barazani siku tatu.

Sauti ikikwama, Mwingereza ana chura kooni,
Mfaransa ana paka
(nadhani ni yule aliyekosa kunyesha).
Kitu ghali kwa mmoja ni mkono na mguu,
kwa mwengine ni macho ya kichwani.
Nikahesabu ujira wangu: elfu themanini.
Hata ukucha haufiki.

Jina langu Time. Mgeni mmoja mwaka juzi
alilisoma Kiingereza kwenye beji, akacheka: Wakati!
Mkewe Mfaransa akaligeuza tena,
na kwao neno la wakati ndilo la hali ya hewa.
Siku nzima nikawa jua na mawingu
nikiwapelekea chai.

Neno la thelathini na moja likanikalisha.
Kuondoka kimyakimya, bila kuaga:
Mwingereza huita kuaga Kifaransa.
Mfaransa naye huita kuondoka Kiingereza.
Kila mmoja kamtwisha jirani fedheha.
Nikamsomea mama, nikidhani atacheka.
Alikuwa akikuna nazi. Mbuzi ikanyamaza.
"Na Faki je," akasema, "aliondoka kwa lugha gani?"

Faki kaka yangu. Alfajiri moja ya Shaabani,
kanzu ya Ijumaa kaiacha msumarini,
mlango kaurudisha taratibu, bawaba isilie.
Baadaye tukasikia Moroni, tena Maore,
tena hatukusikia.

"Waongo wote wawili," akasema mama.
"Mwanangu kaondoka Kipemba:
kaujaza mtungi maji kwanza."
Akarudi kwenye nazi yake.

La arubaini meneja kalitaka kwa kadi za posta,
la kumwandikia aliye mbali.
Mwingereza husema: nimekukosa,
kama aliyerusha jiwe la manati
na ndege karuka.
Mfaransa huipindua sentensi miguu juu:
wewe unanipungukia.
Sitendi mimi. Unatenda wewe,
kwa kutokuwepo tu.
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika,
mpaka karatasi ikatoboka pale.

Jikoni mama kadondosha mchuzi kiganjani,
kaulamba kama afanyavyo,
kisha kakaa, macho kwenye mafiga.
"Umepelea," akasema.

Nikanyanyuka kuchukua chumvi,
nikasimama katikati ya ukumbi, kikopo mkononi,
sijui ile *u* ni ya mchuzi
au ya mtu.