Wa Ngapi

Niliandika fanksheni moja. Jina lake: pima.
Inapokea uzito wa gunia, inaondoa unyevu,
inarudisha kilo za kahawa kavu. Mistari kumi na tisa.
Niliimaliza Nyawera, juu ya duka la dawa,
kabla SNEL hawajachukua mwanga wao.

Mushagalusha aliitaka katika lugha yenye jina la nyoka,
maana daftari la chama limeandikwa humo.
Ntakwinja aliitaka kwenye simu za wapimaji,
wale wanaosimama matopeni Kabare.
Nikasema: sawa, ni kushona vifungo tu.

Vifungo!
Huku kitu kisichopo kinaitwa tupu,
kule kinaitwa sifuri,
kwingine kinapiga yowe na kuangusha programu nzima.
Huku neno linaisha kwa alama ya kimya,
kule linatembea na urefu wake mgongoni
kama mbebaji wa Kadutu.
Na kumbukumbu iliyoazimwa, nani ataiachia?
Ni swali la sahani: aliyepika au aliyekula, nani anaosha?
Tulikaa nalo hadi jenereta ya jirani ikakohoa, ikazima.

Tukaandika mkataba. Kurasa mbili.
Majina yawe kwa herufi ndogo. Kosa lirudishwe, lisitupwe.
Ntakwinja akafuta "lazima", akaweka "inafaa".
Mushagalusha akairudisha usiku.
Kuhesabu kuanzie wapi, hakuna aliyeandika.
Nani aandike hilo? Kila mtu anajua kuhesabu.

Jumamosi M'Rhagane alifika ukungu haujainuka,
gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso.
Wa kwanza kwenye mizani, wa kwanza kwenye orodha.
Simu ilihesabu kuanzia sifuri,
daftari kuanzia moja.
Waliokuja nyuma yake wote walilipwa.

Akapanda ngazi zetu. Akauliza, bila kupandisha sauti:
"Miye nilikuwa wa ngapi?"
Ntakwinja akasema, wa sifuri.
Mushagalusha akasema, wa kwanza.
Mama akanitazama mimi.

Tulichanga mifukoni. Nikamhesabia noti mkononi,
naye akazihesabu upya, kwa Mashi, taratibu.
Jumla ikawa ileile.

Ukurasa wa tatu nimeufungua.
Nimeandika jina lake juu kabisa,
na pembeni, pa namba,
kimshale kinapepesa.