Tone Moja la Maji

Mwalimu wa vinywaji alishuka kutoka Nairobi na glasi sita,
akatupanga wahudumu kwenye kaunta, hotelini Nyali, saa nne asubuhi,
kiyoyozi kikipeperusha leso za karatasi.
"Msinywe. Nuseni kwanza,
kisha mniambie mnaona nini."

Wiski ilikuwa na rangi ya strungi iliyozidi maji.
Nzaro akasema asali, kwa kuwa kijitabu kilisema asali.
Lewela akasema tofaa,
naye tofaa hulikata vipande tu, la wageni.

Mimi niliona moshi.
Si ule wa kukohoza, wa jaa likiungua;
ni ule unaobaki ndani ya mtungi
nyanya akishaufukiza ubani, kabla hajamimina maji:
funda la kwanza unadhani umekosea,
la pili unautafuta.

Akaandika ubaoni: moshi, kidogo.
Mtungi hakuuandika.

Jioni niliondoka na funda moja
katika chupa ya dawa ya kikohozi, nimeisuuza mara tatu,
hadi Utange, kwa baba,
ambaye hapandi tena tangu mnazi umwangushe,
na kotama yake siku hizi inakata bamia.

"Ina miaka kumi na miwili," nikamwambia.
Tembo lake halikungoja hata magharibi:
asubuhi tamu, alasiri kali, kesho siki.
"Kumi na miwili! Ilikuwa kifungoni?"

Akanusa. Akanyamaza
muda wa mtu kukwea na kushuka.
"Aliyeipika hakuwa na kuni."

Nikamweleza: huko mvua na upepo, miti haba;
hukata udongo wa kinamasi kama matofali,
wakauanika, wakaufukizia shayiri.
"Basi wanakunywa shamba lao," akasema,
na hakucheka.

"Mwalimu anasema itiwe tone la maji. Hufunguka."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana.
Miaka arobaini kaisikia ile methali mangweni,
mgema akisifiwa, na walevi wakaimalizia kwa vicheko,
yeye ambaye hakuna aliyemsifu
na maji hakutia.

Kisha akachovya kidole ndani ya kata,
akaacha tone lidondoke.

Moshi ukasogea kando, kama mgeni anayempisha mwenye nyumba,
na nyuma yake, polepole, utamu.

Akanywa nusu. Nusu akanirudishia.
"Ina maji," akasema, "na bado ni nzuri."
Akanuna mpaka usiku wa manane.