Mivinje Mia Nne

Mbodze alipanda mivinje Gongoni
mwaka ule wa kitindamimba.
Mtoto sasa yu darasa la pili;
mivinje ishasagwa, ikapikwa,
ikashindiliwa kwa gundi,
ikarudi na lori, bapa kama sinia.

Mjini Malindi, fundi Jefwa
augonga ubao kwa kidole.
Hauna mshipa. Hauna kifundo.
Randa haijui ianzie wapi.
"Mbambakofi ungekuwa ushanijibu," anung'unika,
ila mbambakofi nao hauonekani,
na dawati linangojwa shuleni.

Msumeno walia; unga wamjaa kopeni.
Mbodze, mlangoni, na pesa za mwisho za miti
zimefundikwa pindoni mwa leso:
"Katika mia nne yangu, huu ni upi?"

Jefwa apuliza unga.
"Yote," asema. "Kila mmoja kidogo."